Barua ya wazi: Tupeni Jumapili moja na kipande cha lami kilichofungwa

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Ujenzi na Uchukuzi. Baraza la Taifa la Michezo. Kurugenzi ya Trafiki na Usalama Barabarani ya Polisi ya Uganda. Na viongozi wa shirikisho la vilabu vya michezo ya magari, FMU.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni fundi wa magari Ndeeba, hapa Kampala, mwaka wa kumi na tisa sasa, na ni katibu wa klabu ndogo ya watu wanaopenda magari yao. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya gereji yetu. Fundi wa umeme ni Mnubi wa Bombo, wa bodi ametoka Busia, wa injini amezaliwa Arua, na kijana wa tairi alivuka mpaka kutoka Bukavu. Tukigombana tunagombana kwa Kiswahili, tukipatana tunapatana kwa hichohicho. Afande naye akitusimamisha njiani, mara nyingi huanza nacho. Na tangu Baraza la Mawaziri lilipopitisha mwezi Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi, naamini barua hii itafika mezani kwenu bila mkalimani.

Ombi langu nalitaja mapema, ili asiye na muda asome hapa tu. Tunaomba mahali pamoja pa lami panapoweza kufungwa, Jumapili moja kwa mwezi, na njia moja inayoeleweka ya kupata kibali, ili mtu mwenye gari lake la kawaida aliendeshe kwa kasi mahali ambapo hatakutana na boda boda, mtoto, ng'ombe wala lori lililokufa bila taa. Kwenye klabu yetu siku kama hiyo tunaiita siku ya uwanja.

Sasa niwaeleze kilichonisukuma.

Naishi Kawaala, si mbali na Northern Bypass, barabara ya mchepuko ya Kampala. Usiku wa Ijumaa na Jumamosi, kuanzia saa saba, huhitaji kutoka nje kujua kinachoendelea. Mlio wa Subaru una mdundo wa kukoroma. Wa Mark X ni mwembamba na mrefu. Barabara ile ina kilomita 21, kutoka Bweyogerere hadi Busega, na saa hizo inakuwa yao. Wengine nawatambua kwa mlio tu, nikiwa kitandani, maana ni wateja wangu.

Usiku mmoja mwaka jana mlio mmoja ulikatika ghafla, kisha kikaja kishindo. Nilijua ni gari gani. Lilikuwa Impreza la buluu, na mimi ndiye niliyelifungia turbo, kifaa cha kuongezea injini nguvu, wiki mbili kabla. Kijana mwenye gari alitoka na michubuko. Mwendesha boda boda aliyegongwa alivunjika mguu mahali pawili na akalala hospitali zaidi ya miezi miwili.

Alipoanza kutembea kwa magongo alikuja gerejini. Nilidhani amekuja kudai, na nilikuwa tayari kusikiliza. Aliniomba nimwonyeshe gari la aina ile, kwa sababu yeye hakuliona; alilisikia tu. Siku hiyo palikuwa na Impreza nyingine juu ya jeki. Akaizunguka polepole, akaweka kiganja juu ya boneti, akaniuliza: "Fundi, hili likiwa kwenye mwendo wa mia na arobaini linahitaji mita ngapi kusimama?"

Nikamjibu kwamba kwa lami kavu na tairi nzuri, ukihesabu na ile sekunde moja ya dereva kushtuka, ni zaidi ya mita 120. Uwanja mzima wa mpira, na bado. Akanyamaza kidogo. "Na yule kijana alikuwa anajua hivyo?"

Hapana, hakujua. Nilimuuliza mwenyewe baadaye, akaniambia alifikiri ni kama mita 40. Ana leseni halali, ameendesha miaka sita, gari lake lilikuwa na breki nzuri nilizozikagua kwa mikono yangu, na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kumweka mahali akamwambia: kanyaga kwa nguvu zako zote, uone unasimama wapi. Mimi pia sikumwambia. Nilimuuzia kasi nikamwacha aende.

Tangu siku ile nimekuwa nikitafuta mahali pa kuwaambia hivyo. Ndiyo habari yote ya barua hii.

Naomba kwanza niondoe dhana moja. Siku ya uwanja si mashindano. Hakuna saa ya kupima mizunguko, hakuna mshindi, hakuna kikombe. Watu wanagawanywa makundi matatu, wageni, wa kati na wazoefu, na kila kundi linaingia peke yake kwa dakika 15 au 20. Kupita gari lingine kunaruhusiwa kwenye mnyooko tu, na mpaka aliye mbele akupe mkono. Mgeni hukaa na mwelekezi pembeni yake. Mizunguko ya kwanza ni ya polepole, ya kuzijua kona. Wa mwisho nao ni wa polepole, ili breki zipoe. Ukishaegesha huvuti hendibreki, unaacha gari kwenye gia, kwa sababu pedi za moto zikibana diski iliyosimama zinaiharibu. Haya nayaeleza ili mwone kwamba ni shughuli yenye adabu. Anayepita bila kuruhusiwa anapeperushiwa bendera nyeusi na anarudi nyumbani, hata kama ndiye aliyetoa mchango mkubwa kuliko wote.

Wala si jambo jipya duniani. Ujerumani ilifungua Nürburgring mwaka 1927, njia ya mbio ya zaidi ya kilomita 20 milimani, na tangu miaka hiyo mwananchi wa kawaida amekuwa akilipa ada na kuingia na gari lake mwenyewe. Afrika Kusini ina Kyalami tangu 1961. Wenzetu wa Kenya walirudishiwa Safari Rally kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, na mnajua vijana wetu wangapi huvuka Malaba na Busia kwenda kuitazama.

Hata sisi hatuanzi na mikono mitupu. Shekhar Mehta, aliyeshinda Safari mara tano, 1973 na kisha miaka minne mfululizo kuanzia 1979, alizaliwa hapahapa Kampala. Charles Muhangi alikuwa bingwa wa rally wa Afrika mwaka 1999. Pearl of Africa Rally inajulikana bara zima. Lakini hao ni wa juu, wenye vipaji na wafadhili. Mimi nawasemea mwalimu mwenye Vitz, muuguzi mwenye Premio, na kijana aliyejinyima mpaka akanunua Legacy kuukuu. Hawatashindana kamwe, na hawahitaji kushindana.

Mtaniuliza kwa nini tusitumie Busiika, au Festino Cite kule Mukono. Ni viwanja tunavyovipenda, na FMU imefanya kazi kubwa kuviweka hai. Ila ni vya vumbi na changarawe. Vinafaa rally, sprinti na pikipiki. Gari la kawaida lenye bampa ya chini linaacha vipande vyake pale, na zaidi ya hayo, somo la vumbi si somo la lami. Kwenye vumbi gari linakuonya mapema, linateleza kidogo kidogo, unalisikia. Kwenye lami linashika, linashika, linashika, kisha linaachia mara moja. Vijana wa Northern Bypass wanafia kwenye lami, na huko ndiko wanakohitaji kufundishwa.

Hata hivyo, tulipokosa lami tulianza na tulichopata. Mwaka huu tulikodi kiwanja cha mtu binafsi upande wa Mukono, eneo la changarawe iliyoshindiliwa, tukaweka kikomo cha kilomita 60 kwa saa. Niwaelezee asubuhi ile, kwa sababu ndiyo ushahidi wangu pekee.

Magari kumi na manane yalifika. Ukaguzi ulianza saa kumi na mbili na nusu, umande ungali kwenye nyasi. Sita tuliyakataa. Moja lilikuwa na nati nne kwenye gurudumu la nati tano, na mwenyewe hakujua. Jingine betri yake ilikuwa imefungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Kwenye la tatu, tulipoinua kapeti ya dereva, chupa ya maji ilitoka chini ya kiti ikabingirika mpaka nyuma ya pedali ya breki, ikakwama pale. Tuliiacha makusudi, tukamwita mwenye gari akanyage. Pedali haikushuka hata nusu. Alisimama akiitazama ile chupa muda mrefu. Alikuwa amekuja na gari hilo kutoka Entebbe, kwa barabara ya haraka.

Bwana mmoja msomi alikasirika tulipomkatalia. Gari lake linang'aa, tairi mpya, viti vya ngozi. Nilichota mafuta ya breki yake kidogo kwa bomba la sindano, nikayaweka kwenye glasi, na pembeni nikaweka glasi ya mafuta mapya. Mapya ni ya rangi ya asali nyepesi. Yake yalikuwa kama chai ya rangi iliyolala. Nikamweleza kwamba mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa, na sisi tunaishi kando ya ziwa. Yale ya daraja la DOT 4, kama yake, yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzijoto 230. Yakishakunywa maji yanaweza kuchemka kwenye 155 tu. Yakichemka yanatoa mapovu, povu linabanika, na pedali inazama mpaka sakafuni bila gari kupunguza mwendo. Teremko refu lenye kona, gari limejaa familia, breki zimeshikwa njia nzima: huko ndiko yanakochemkia. Hakusema neno. Wiki iliyofuata alileta gari lake na la mkewe.

Kama siku ile ingeishia kwenye ukaguzi, bila gari hata moja kuwasha injini, bado ningesema haikupotea.

Kisha likaja zoezi la kusimama. Tulimpa kila dereva jerikani tupu ya njano aende kuiweka mwenyewe mahali anapoamini gari lake litasimama akikanyaga breki kwenye mstari, akiwa na mwendo wa 60. Wengi waliiweka karibu, kwa kujiamini. Dereva wa kwanza aliipita kwa hatua tisa. Wa pili aliirusha hewani. Wa tatu, dada mmoja mwenye Forester, alikanyaga vizuri, kisha pedali ikaanza kutetemeka chini ya mguu wake na chini ya gari kukatoka sauti ya kusaga. Akainua mguu mara moja akidhani amevunja kitu. Ilikuwa ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasikwame ukikanyaga breki kwa nguvu, ikifanya kazi yake. Amemiliki gari hilo miaka minne na hakuwahi kuisikia. Siku ambayo angeihitaji kwa mara ya kwanza barabarani, angeinua mguu vilevile.

Alirudia mara tano. Mara ya tano alikanyaga mpaka mwisho, akaacha pedali itetemeke inavyotaka, na alipotoka alikwenda mwenyewe kuisogeza jerikani yake mbele.

Aliyekuwa ameshika futi ya kupimia, akiita idadi ya mita kwa sauti ili wote wasikie, ni yule mwendesha boda boda. Aliomba mwenyewe kuja. Kijana wa Impreza alikuwa upande wa pili wa futi hiyohiyo, akishika ncha yake.

Waheshimiwa, ripoti ya mwaka ya polisi ilihesabu watu 5,144 waliokufa barabarani mwaka 2024. Mwaka uliotangulia walikuwa 4,806. Sitawadanganya kwamba klabu yenye magari kumi na manane itaipunguza hesabu hiyo. Wengi wanaokufa ni watembea kwa miguu na watu wa boda boda, na sababu ni nyingi: barabara, taa, uchovu, pombe, magari mabovu. Wakimbizaji wa usiku ni sehemu ndogo. Lakini sehemu hiyo naijua majina yake na nambari zake za simu, na nina hakika tunaweza kuifikia. Mwezi Juni 2025 faini za kamera zilipoanza kuingia kwenye simu za watu, palizuka malalamiko mpaka zikasimamishwa kwa muda. Siku zile gerejini hapakuwa na mazungumzo mengine. Wengine waliunga mkono faini, wengine walizipinga. Mimi naunga mkono faini, tena kubwa, kwa anayekimbia barabarani. Lakini kijana mwenye hamu ya mwendo, ukishamtoza, umemwambia pa kutokwenda. Pa kwenda hujamwambia.

Sasa nije kwenye safari ya barua zetu. Sizitaji ofisi, kwa sababu sitaki mtu mmoja mwenye meza moja abebeshwe mzigo wa utaratibu usiokuwepo.

Barua ya kwanza tuliipeleka mwezi Februari. Tukaulizwa: haya ni mashindano? Tukasema hapana. Basi, wakatujibu, kama si mashindano, kibali cha mashindano hatuwezi kuwapa. Ofisi ya pili ikatuambia kwamba mwendo wa kasi wa pamoja bila kibali cha mashindano hauruhusiwi. Ofisi ya tatu ilikuwa na afisa mwema sana, alitusikiliza karibu saa nzima, akatuagizia soda, akasema wazo ni zuri na yeye angekuja na gari lake. Kisha akaomba tumletee barua kutoka ofisi ya kwanza. Kampuni moja ya bima nayo ikatufungulia kitabu chake: bima ya kawaida haifidii gari likiwa kwenye mashindano wala kwenye majaribio ya kasi, na bima ya siku moja ya shughuli itaandikwa tukileta kibali. Kibali nacho, kama mnavyoona, kinasubiri.

Hakuna aliyetukatalia, na hilo ndilo lililonichosha zaidi. Ukikataliwa unajua umekosea wapi. Sisi tumeangukia katikati ya maneno mawili, mashindano na uendeshaji wa kawaida, na katikati hapo sheria haijaweka kitu. Sheria inakataza mbio barabarani bila idhini, na ni sawa kabisa. Sheria ya Taifa ya Michezo ya mwaka 2023 imepanga namna vyama vya michezo vinavyotambuliwa na kusimamiwa, na hiyo pia ni sawa. Kinachokosekana ni karatasi ndogo, kanuni ya kurasa mbili tatu, inayosema: mafunzo ya udereva wa kasi mahali palipofungwa ni jambo hili, yatasimamiwa na FMU, yatatimiza masharti haya, na ombi litajibiwa ndani ya siku kadhaa, kwa ndiyo au kwa hapana yenye sababu.

FMU nawaomba mlibebe. Ninyi mna waamuzi wa bendera, mna wakaguzi waliosomea, mna uzoefu wa kupanga ambulensi na mawasiliano ya redio msituni ambako simu hazishiki. Najua mnapata maombi mengi na fedha ni kidogo, na pengine mnaona watu wa Vitz si wanamichezo. Lakini dereva wa rally wa kesho atatoka wapi, kama hana pa kuanzia isipokuwa Busega saa saba usiku?

Kuhusu mahali, tumetembea na kutazama, na haya ni maoni yangu. Barabara za ndani za eneo la viwanda Namanve zinavutia kwa sababu ya lami mpya, lakini nina wasiwasi nazo: nguzo za taa, mitaro ya zege iliyo wazi, na viwanda ambavyo malori yake hayajui Jumapili. Gari likiteleza kwenye mtaro wa zege halina rehema. Maegesho ya uwanja wa michezo wa Namboole, siku isiyo na mechi wala mkutano, yangetosha kabisa kwa mafunzo ya mwanzo ya koni, kusimama na kukwepa, kwa mwendo wa chini. Na kwa siku kamili ya uwanja, mahali bora ni kiwanja cha ndege chenye safari chache. Njia ya kurukia ni pana, tambarare, haina nguzo wala mti, na anayekosea anaishia kwenye majani. Kiwanja cha Gulu kina njia ya lami ya zaidi ya kilomita tatu. Sehemu yake tu ingetutosha, na tungesafiri usiku kucha kuifuata. Najua wahusika wa anga wataogopa mabaki, na wana haki, kwa kuwa jiwe dogo au nati moja ikiingia kwenye injini ya ndege ni msiba. Tuko tayari kulifagia eneo lote kwa mikono, watu wamepanga mstari bega kwa bega, na mkaguzi wenu apite nyuma yetu kabla ya kutia sahihi.

Pengine ninyi mnajua mahali pengine ambapo sisi hatujapaona. Kipande cha barabara ya zamani kilichoachwa baada ya mpya kujengwa, uwanja wa mafunzo wa chombo cha dola, chochote. Tuonyesheni tu.

Najua pia hofu iliyo nyuma ya meza zenu: ajali ikitokea, nani ataulizwa? Ni hofu ya haki. Motokaa ni hatari hata uwanjani. Kwa hiyo niseme tunachojifunga nacho.

Gari lisilopita ukaguzi haliingii, liwe la nani. Helmeti, mikono mirefu, mkanda. Pumzi ya kila dereva inapimwa asubuhi, na hakuna pombe inayouzwa wala kunywewa eneo lile siku nzima. Tumeshakataa fedha za mfadhili kwa sababu hiyo, na tutakataa tena. Ambulensi yenye wahudumu inalipwa kabla ya kitu kingine chochote, na ikiondoka na mgonjwa, bendera nyekundu inapeperushwa na hakuna injini inayowaka mpaka ifike nyingine. Mitungi ya kuzimia moto inakaa kwenye kila kituo cha bendera, na anayesimama pale amefundishwa kuitumia. Watazamaji hawasimami ukingoni. Hili nalisisitiza, maana sote tumewaona kwenye rally watu waliojazana mdomoni mwa kona, na watoto begani, mahali palepale ambapo gari likishindwa ndipo linapokwenda. Kwetu atakayekuja kutazama atakaa nyuma ya uzio, mbali, au hatakaa.

Kelele nazo tumezifikiria. Eksozi zilizotobolewa hatuzipokei. Hatuwashi kabla ya saa nne, ili ibada za kwanza ziishe, na tunafunga saa kumi jioni. Msikiti ulio karibu ukiadhini, tunasimama.

Mchango utakuwa wa kulipia gharama tu, na hesabu tutawaletea ninyi wenyewe kila baada ya siku. Nafasi chache kila mara tutaziacha bure kwa madereva wa ambulensi na wa gari za shule. Dereva wa ambulensi ndiye raia tunayemwambia akimbie kila siku, na sijakutana na mmoja aliyefundishwa kukimbia.

Naomba pia polisi waje, waje kufundisha. Afande mmoja wa trafiki akisimama mbele ya vijana thelathini asubuhi, kabla hawajavaa helmeti, akawasimulia alichokiokota barabarani wiki ile, atasikilizwa kuliko popote pengine. Wale vijana wanamjua kama mtu wa kukimbiwa. Wamwone akiwa ndani ya gari, pembeni, akishika mpini wa mlango.

Kijana wa Impreza ameliuza gari lake. Alitaka kumlipa yule mzee wa boda boda gharama za hospitali, na amelipa karibu zote. Sasa anaendesha Vitz ya dada yake, na ndiye anayetunza vifaa vyetu: koni arobaini, bendera tano, redio nne, futi moja ya mita hamsini, na jerikani za njano ambazo nyingi zimebonyea. Viko kwenye chumba cha nyuma cha gereji, vimefunikwa kwa turubai.

Nakala za barua tatu za kwanza nimeziambatisha na hii, pamoja na orodha yetu ya ukaguzi na mchoro wa uwanja. Namba yangu ya simu iko nyuma ya bahasha. Mkituita kesho tutakuja kesho. Na Jumapili yoyote mtakayotutajia, hata iwe katikati ya mvua za Aprili, mtatukuta getini saa kumi na mbili asubuhi.

Wenu mtiifu,

Fundi wa Ndeeba, katibu wa klabu